Ng'ombe anayecheka ukutani

Mwenye bucha alitaka ng'ombe anayecheka. Mzee alikuwa ameshamaliza kumchora ng'ombe wake, mwekundu, nundu imesimama, pembe fupi kama za ng'ombe wetu wa kienyeji, ila mdomo alikuwa ameufunga. Mwenye bucha akatoka nje na aproni yake yenye madoa, akarudi kinyumenyume hadi karibu apitiwe na bodaboda, akamtazama ng'ombe yule kwa muda.

"Mzee wangu, mbona huyu kanuna? Mteja ataona kama tulimwonea."

Mzee hakubishana. Alichovya brashi kwenye kopo la rangi nyeupe akampa ng'ombe meno, safu ya juu na safu ya chini, meno makubwa yanayong'aa kama ya mtu wa kwenye tangazo la dawa ya meno. Mwenye bucha akaridhika, akarudi kwenye mizani yake.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la duka la jirani nikisubiri kilo yangu ya mchanganyiko. Kilichonichekesha ni kwamba ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Yeyote aliyewahi kufuga anajua: pale juu pana ufizi mgumu tu, na majani huyavuta kwa ulimi na kuyakata kwa meno ya chini. Mwenye bucha, ambaye vichwa vya ng'ombe vinapita mikononi mwake kila siku, analijua hilo kuliko mimi. Mzee naye, nilipomuuliza, alisema anajua, amekua akichunga. Lakini kicheko kisicho na meno ya juu, alisema, hakionekani na mtu aliyekaa dirishani kwenye daladala.

Hapo ni Mbagala Rangi Tatu, na kweli mzee alikuwa na makopo matatu tu: nyekundu, nyeupe na nyeusi. Zambarau ya maini aliitoa kwenye nyekundu kwa tone la nyeusi. Waridi ya utumbo aliitoa kwenye nyeupe. Herufi alizipanga kwanza kwa chaki kando ya kamba iliyovutwa kutoka msumari hadi msumari: NYAMA SAFI, STEKI, MAINI, SUPU. Chini yake akachora mguu wa ng'ombe uliokatwa, mfupa mweupe katikati, mafuta pembeni, na juu ya mguu huohuo yule ng'ombe mwenyewe, mzima, anacheka. Ng'ombe mmoja yuko mara mbili kwenye ukuta mmoja, akiwa hai na akiwa kilo, na hakuna mpita njia aliyeona ajabu.

Tangu siku ile nimekuwa nikizitazama picha za chakula kwa jicho jingine. Tunda halimpi mchoraji shida. Embe likichorwa, limechorwa. Haikumwagika damu ya mtu wala mnyama. Mkate hali kadhalika. Nyama ni kesi nyingine. Kila picha ya nyama ina mnyama aliyekuwa anatembea juzi mnadani Pugu, na mchoraji hana budi kuamua: amwonyeshe, amfiche, au amchekeshe. Na nilipoanza kuwafuatilia waliojaribu kuichora bila kuificha, nilikuta jambo ambalo sikulitarajia. Wengi wao hawakuwa watu wa kula nyama kwa nafasi.

Hata ukirudi mwanzo kabisa, picha na sufuria hazilingani. Pango la Lascaux kule Ufaransa, lililogunduliwa mwaka 1940, lina michoro ya miaka ipatayo 17,000: farasi, mafahali wakubwa, paa wenye pembe za matawi. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochunguza mifupa iliyoachwa pangoni, mabaki ya vyakula vya watu wale, sehemu kubwa mno ilikuwa ya wanyama wa nchi za baridi jamii ya paa ambao Wazungu huwafuga hadi leo kuvuta sleji. Mnyama huyo kwenye kuta za Lascaux yupo mmoja tu. Walikula kimoja wakachora kingine. Nikiwakumbuka twiga na pofu wa michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, huwa najiuliza kama mchoraji yule alikuwa amekula siku ile.

Bucha yenyewe, bucha kama bucha, ilingoja hadi mwaka 1551. Mchoraji aitwaye Pieter Aertsen, mzaliwa wa Amsterdam aliyekuwa akifanya kazi Antwerp, mtu mrefu hata wakambandika jina la Pier Mrefu, alichukua ubao wenye upana wa zaidi ya mita moja na nusu akaujaza nyama. Hakuna picha kama ile iliyokuwa imewahi kuchorwa Ulaya kwa ukubwa ule. Mbele kabisa kipo kichwa cha ng'ombe kilichochunwa, jicho limebaki, linakutazama wewe uliyesimama mbele ya picha. Kuna kichwa cha nguruwe kinaning'inia, soseji zimefungwa kwenye fito kama kamba, kwato, kuku walionyonyolewa, siagi, jibini, samaki wawili waliopishanishwa kwenye sahani. Muuzaji haonekani mbele ya meza yake. Ni kana kwamba ameingia nyuma kidogo, na wewe umeachiwa duka.

Mtu wa Dar es Salaam atakachokitambua haraka kiko juu upande wa kulia. Kuna kibango. Kimeandikwa Kiholanzi kwamba hapo nyuma pana ardhi inauzwa, kwa vipande au yote kwa mkupuo. Naam, viwanja vinauzwa! Antwerp ya wakati ule ilikuwa jiji la biashara linalopanuka kila mwezi, na wajanja walikuwa wakinunua ardhi na kuikatakata. Aertsen alikiweka kibango hicho juu ya nyama, mahali ambapo kwetu leo pangeandikwa namba ya simu ya dalali.

Halafu, katikati ya soseji na kichwa cha nguruwe, pana nafasi kama dirisha, na ndani yake, mbali, watu wadogo kama vidole. Mwanamke juu ya punda anainama kumpa kijana maskini kipande cha mkate. Ni Mariamu, mama yake Yesu, akiwa njiani kukimbilia Misri na mtoto wake. Jambo takatifu kuliko yote kwenye picha limewekwa nyuma ya utumbo. Ukiwa na haraka hulioni. Wataalamu wameandika mengi kuhusu maana yake, kwamba ni onyo dhidi ya ulafi, kwamba ni mtihani kwa macho ya mtazamaji. Mimi naona Aertsen alijua tu jinsi watu wanavyotazama. Macho hayana pazia, lakini yana tumbo.

Na historia ikamfanyia dhihaka. Aertsen alikuwa pia mchoraji wa picha kubwa za makanisani, zile za kuwekwa juu ya altare, na hizo ndizo alizozihesabu kuwa kazi yake ya maana. Mwaka 1566 Waprotestanti wenye hasira waliingia makanisani Uholanzi na nchi jirani wakavunja sanamu na kuchoma picha. Nyingi za kwake zilipotea, naye mwandishi wa maisha ya wachoraji wa zama hizo anasimulia jinsi mzee huyo alivyochukia. Picha za nyama hakuna aliyezigusa, kwa kuwa hakuna anayeichukia bucha. Ile ya mwaka 1551 imesalia katika nakala zaidi ya moja. Mojawapo iko Uppsala nchini Sweden, nyingine jimbo la North Carolina, Marekani.

Miaka mia moja baadaye, mwaka 1655, Rembrandt alichora ng'ombe mmoja. Hakuweka soseji, wala kibango, wala Mariamu. Ni ng'ombe aliyechunwa, ametundikwa kwa miguu ya nyuma kwenye mti, ndani ya chumba chenye giza, na ubao wenyewe haufiki mita moja kwenda juu. Uko Louvre, Paris.

Niliichukua picha hiyo kwenye simu nikampelekea mwenye bucha wa Rangi Tatu. Jumamosi jioni, wateja wamepungua, alikuwa akiosha sakafu. Nilianza vibaya. Nilisema, "Tazama mzoga huu." Akaniangalia kama mtu aliyetukana. "Kaka, mzoga hauuzwi. Huyu kachinjwa." Nikaomba radhi. Kweli Kiswahili chetu kina mpaka hapo ambao lugha za wenye makumbusho hazina: mnyama aliyekufa mwenyewe ni mzoga, aliyechinjwa ni nyama, na kati ya viwili hivyo kuna dua na kisu. Wao hutumia neno moja kwa wote.

Alijifuta mikono, akaipanua picha kwa vidole viwili, akaisoma kama mimi ninavyosoma gazeti. Kichwa kimeondolewa, kwato zimeondolewa, alisema. Tumbo limeshatolewa na kifua kimepasuliwa, lakini mgongo haujachanwa, kwa hiyo bado hajagawanywa nusu kwa nusu. Aliyemchuna ana mkono mzuri, ngozi haikuchukua nyama. Mafuta ni ya manjano na yameganda, maana yake amelala hapo usiku mzima, na kwao ni baridi. Ng'ombe mwenyewe amenona. "Huyu si wa kukatia wateja wa robo," alisema. "Huyu wa sherehe." Nilimweleza kwamba Waholanzi wa enzi hizo walikuwa na desturi ya kuchinja mwezi wa Novemba na kuweka akiba ya nyama ya chumvi kwa ajili ya majira ya baridi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa.

Kisha akamwona mwanamke. Huko nyuma, kwenye mlango, kuna mwanamke anachungulia, uso tu na bega. Kuhusu yeye nimesoma kurasa kadhaa, wengine wakisema ni ukumbusho wa uhai mbele ya mauti, wengine kwamba ng'ombe yule amekaa kama mtu aliyesulubiwa na mwanamke ni shahidi wake.

"Huyo mama anasubiri maini," alisema mwenye bucha. "Wapo. Kila siku wapo."

Sina hakika kama Rembrandt angempinga. Akaniuliza kama mchoraji huyo alikuwa na bucha. Nikamwambia hapana, alikuwa na madeni. Nyumba aliyoinunua Amsterdam mwaka 1639 kwa guilder 13,000 ilimshinda kuilipia, na mwaka mmoja tu baada ya kumchora ng'ombe huyo aliyenona alikwenda mbele ya sheria kukiri kwamba ameshindwa kulipa. Vitu vyake viliandikwa kimoja kimoja na kupigwa mnada, na mwaka 1658 nyumba ikauzwa. "Basi huyo ng'ombe si wake," alisema mwenye bucha akinirudishia simu.

Goya, kule Hispania, nitampitia haraka ingawa picha yake ni kali kuliko zote. Wakati wa vita ya Hispania na majeshi ya Napoleon, iliyoanza mwaka 1808, alichora kichwa cha kondoo na vipande viwili vya mbavu, basi. Hakuweka sahani wala meza iliyopambwa. Jina lake alilitia kwa rangi nyekundu, herufi zikaonekana kama zimevuja kutoka kwenye nyama. Katika vita hiyo hiyo, miaka ya 1811 na 1812, Madrid ilipatwa na njaa iliyoua maelfu. Ukijua hilo, mbavu zile haziwezi tena kuwa mbavu za kondoo tu.

Lakini mtu wa nyama hasa, aliyeitafuta hadi ikamtesa, ni Chaïm Soutine. Alizaliwa mwaka 1893 katika kijiji karibu na Minsk, mtoto wa kumi kati ya kumi na mmoja wa fundi cherehani Myahudi aliyekuwa maskini hohehahe. Alifika Paris mwaka 1913 na kuishi katika jengo la wasanii wasio na kitu lililokuwa jirani na machinjio ya Vaugirard, ambako usiku, ukiwa na njaa, uliweza kusikia ng'ombe. Alikuwa mtu wa kukosa kula siku mbili tatu. Rafiki yake Modigliani alimchora. Modigliani naye akafa mwaka 1920 kwa ugonjwa na dhiki. Kisha, majira ya baridi ya mwaka 1922 kuingia 1923, tajiri wa Kimarekani aliyepata fedha kwa kuuza dawa, Albert Barnes, akazikuta picha za Soutine na kununua zaidi ya 50 kwa mpigo. Mtu aliyelala njaa akaamka na pesa.

Alifanya nini? Mnamo mwaka 1925 alinunua ng'ombe. Hakumla. Alimpandisha kwenye studio yake, akamtundika kwa ndoano kama yule wa Louvre, ambaye alikuwa amekwenda kumtazama mara nyingi, akaanza kuchora. Inasimuliwa kwamba siku zilivyopita nyama ikakauka na kupoteza rangi, Soutine akawa analeta damu mbichi kutoka machinjioni kwa ndoo na kuimwagia ili iwe nyekundu tena. Inzi wakaja. Kukawa na mtu wa kuwapunga mchoraji asikatishwe. Harufu ikashuka ngazi, majirani wakapiga kelele, maofisa wa afya wakabisha hodi. Hawakumfunga. Walimwonea huruma au walimwona ana wazimu, wakamwelekeza namna ya kudunga nyama dawa isiendelee kuoza. Baada ya hapo alitembea na sindano zake.

Picha zilizotoka hapo zinatazamika kwa shida. Nyekundu imewekwa nene, imekokotwa, buluu ya ukuta inaisukuma kutoka nyuma, mbavu zinafunguka kama mlango. Amsterdam wana moja, Grenoble moja, Buffalo na Minneapolis vilevile. Mwaka 2015 mojawapo ya picha zake za ng'ombe iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 28.

Ndani ya habari hii kuna kitu ambacho ukikijua unarudi kuzitazama upya. Soutine alikuwa na vidonda vya tumbo. Miaka ya njaa ilimharibu utumbo, na alipopata uwezo wa kununua nyama daktari na maumivu havikumruhusu kuila. Marafiki walimwona akinywa maziwa na kula viazi huku chumba kizima kikinuka ng'ombe. Wengine wamesimulia kwamba alikuwa akifunga kula kabla ya kumchora kuku, ili amtazame kwa jicho la mwenye njaa. Mwaka 1943, akiwa amejificha mashambani kwa sababu Wajerumani waliokuwa wameikalia Ufaransa walikuwa wakiwakamata Wayahudi, kidonda kikapasuka. Alifikishwa Paris kwa upasuaji akiwa amechelewa. Alikufa tarehe 9 Agosti.

Baada ya Soutine wasanii wakubwa hawakuiacha nyama, ila wengi walianza kuitumia badala ya kuichora, na hapo binafsi shauku yangu inapungua. Francis Bacon, Mwingereza mzaliwa wa Ireland, bado alikuwa mchoraji wa kweli. Aliwahi kusema kwamba akiingia bucha hushangaa kwa nini yeye hayupo pale mahali pa mnyama. Damien Hirst mwaka 1993 alimchana ng'ombe na ndama wake kila mmoja nusu kwa nusu na kuwaweka ndani ya makasha ya kioo yaliyojaa dawa. Vijana wengi wanalijua gauni la nyama alilovaa mwimbaji Lady Gaga mwaka 2010. Wachache wanajua kwamba msanii wa Kanada, Jana Sterbak, alikwisha kushona la kwake mwaka 1987 kwa zaidi ya kilo 20 za steki mbichi, akalining'iniza likakauke mbele za watu. Lilipoonyeshwa Ottawa mwaka 1991 uchumi ulikuwa umeyumba, watu hawana kazi, na wananchi walikasirika kuona nyama ya kula inaachwa ikauke makumbusho. Wapo waliowatumia wenye makumbusho mabaki ya chakula kwa posta. Nawaelewa. Nadhani hata msanii aliwaelewa, maana gauni lile lilihusu miili ya wanawake inavyoangaliwa, na hasira hutazama kwa makini kuliko sifa. Lakini ningeulizwa nichague, ningechagua kilo ishirini zipikwe.

Sasa nirudi kwetu, kwa kuwa kwetu nyama haijahamia makumbusho. Iko ukutani barabarani, na imechorwa na watu ambao majina yao hayaandikwi popote zaidi ya namba ya simu pembeni ya ng'ombe. Tusidharau. Chéri Samba wa Kongo, ambaye kazi zake leo ziko katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, alianza hivyohivyo: mwaka 1975 alifungua kibanda Kinshasa akichora mabango ya biashara na katuni. Tabia yake ya kuandika maneno ndani ya picha ameitoa huko, na yeye mwenyewe ameeleza kwamba maneno humfanya mtazamaji asimame muda mrefu zaidi. Mwaka 1989 alialikwa kwenye maonyesho makubwa Paris. Mchora mabango wa Rangi Tatu analijua hilo bila kualikwa. STEKI imeandikwa kubwa, SUPU ndogo, kwa sababu anayetaka supu atatafuta mwenyewe.

Ukizitazama kuta hizi kwa utulivu, zinasema mengi kuhusu tunachokubali kukiona. Ng'ombe huchorwa mzima. Mbuzi huchorwa mzima, mara nyingi akiwa amesimama juu ya jiwe kwa maringo. Kuku huwekwa kwenye sahani moja kwa moja, chipsi pembeni, kama vile hakuwahi kuwa na manyoya. Samaki huchorwa na macho. Nguruwe mara nyingi hachorwi kabisa. Huandikwa KITIMOTO kwa herufi kubwa na kila mtu ameelewa, picha ingeleta maneno mtaani. Na wapo wenye bucha, hasa mitaa ya uswahilini penye waumini wengi, wasiopenda sura ya kiumbe ukutani. Kwao fundi huandika NYAMA HALALI kwa kijani, akapamba herufi kwa vivuli hadi zenyewe zikanona.

Kinachozifukuza picha hizi si dini wala serikali, ni mashine ya kuchapa mabango ya plastiki. Bango la kuchapwa hutoka kwa saa moja, lina rangi zote, na picha yake imechukuliwa kwenye intaneti. Hapo ndipo unapokuta, juu ya bucha inayouza mchanganyiko na makongoro, picha ya kipande cha steki kinene cha ng'ombe wa Ulaya, juu yake kijani fulani ambacho hakioti Mbagala na hakuna anayekijua jina. Nilimuuliza mwenye bucha mmoja ile ni nyama gani. Akasema hajui, ilikuja na bango. Sitaki kuwaonea wenye mashine, nao wanatafuta riziki. Ila jua la Dar es Salaam halina upendeleo: baada ya miezi kadhaa nyama ile ya intaneti inageuka buluu. Rangi ya mafuta ya mzee, aliniambia, inakaa miaka, na ikipauka anapita juu yake kwa elfu kumi.

Wiki iliyopita nilipita tena. Ng'ombe yupo, anacheka, meno ya juu yote yako mahali pake. Mwenye bucha aliniambia alimlipa mzee elfu sitini kwa ukuta mzima pamoja na herufi, na kwa kuwa kazi ilimpendeza akamwambia achague nyama aipendayo kilo moja, hata steki. Mzee alichukua maini. Steki, alisema, inataka meno.